Barafu ya Kibo na Maji ya Kilimanjaro

Mwalimu wa jiografia anapofundisha habari za mito ya barafu, aghalabu hulazimika kutumia mifano ya mbali: Milima ya Alps, Norway, Greenland. Vitabu vingi vya kiada vimeandikwa hivyo, na yamkini mwanafunzi humaliza kidato cha nne akijua kuchora bonde lililochongwa na barafu huko Uswisi, pasipo kutambua kwamba barafu ya kweli, yenye kuta ndefu kuliko nyumba ya ghorofa saba, ipo ndani ya mipaka ya Tanzania, nyuzi tatu tu kusini mwa Ikweta. Naye aliyepata kuiona, ama kwa macho akiwa Moshi asubuhi isiyo na mawingu, ama kwa kupanda mlima wenyewe, huwa amekwisha kusikia maneno mawili juu yake. La kwanza ni kwamba barafu hiyo inayeyuka kwa sababu dunia imepata joto. La pili ni kwamba siku itakapokwisha, mito yote itokayo Kilimanjaro itakauka.

Neno la kwanza lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi. Neno la pili si sahihi, na kosa lake lina gharama, kwa kuwa linaelekeza macho ya watu kileleni ilhali hazina ya maji iko chini zaidi, mahali ambapo panaharibika huku wengi wakitazama juu. Makala haya yanakusudia kuyachunguza maneno hayo mawili kwa njia ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifuata kwa kalamu na karatasi.

Baridi katika nchi ya joto

Tarehe 11 Mei, 1848, Johannes Rebmann, mmisionari wa Kijerumani aliyekuwa safarini kutoka Rabai karibu na Mombasa kuelekea nchi ya Wachaga, aliona weupe juu ya mlima. Alimwuliza kiongozi wake weupe ule ni kitu gani, naye akajibu kwamba ni baridi. Kiongozi yule hakuwa na jina la kitu ambacho watu wa pwani hawakukijua, basi akataja sababu yake. Jibu hilo lilikuwa la kisayansi kuliko yale yaliyofuata London, ambako mwanajiografia W. D. Cooley, ambaye hakupata kukanyaga Afrika Mashariki, alishikilia kwa miaka kadhaa kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na Ikweta. Ubishi huo ulikatwa na vipimo na masimulizi ya Karl Klaus von der Decken na wenzake, waliopanda sehemu ya mlima mwaka 1861 na 1862.

Kwa nini basi kuwe na baridi juu ya mlima ulioko katika nchi ya joto? Wanafunzi wengi hudhani kwamba apandaye mlima hulikaribia jua. Kwa hakika hulikaribia, lakini kwa kilometa zisizofika 6 katika safari ya kilometa milioni 150, na hilo si kitu. Jambo lenye maana ni kwamba hewa hupata joto lake hasa kutoka katika ardhi. Hewa iliyopashwa joto hupanda, na kadiri inavyopanda hukutana na kanieneo ndogo, hivyo hutanuka. Katika kutanuka hutumia nishati yake yenyewe, nayo hupoa. Kwa wastani halijoto hupungua kwa digrii 6 za sentigredi, au zaidi kidogo, kwa kila mita 1,000 za mwinuko.

Hesabu yake ni nyepesi. Mji wa Moshi uko kwenye mwinuko wa mita 800 na ushei, na wastani wa halijoto yake kwa mwaka ni digrii 23 au 24. Uwanda wa barafu ulioko juu ya Kibo uko kwenye mwinuko wa mita 5,800 hivi. Tofauti ni mita 5,000. Zidisha 5 kwa 6, toa 30 kutoka katika 23 au 24, nawe utapata digrii 6 au 7 chini ya sifuri. Mwaka 2000 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Massachusetts cha Marekani walisimamisha kituo cha hali ya hewa kinachojiendesha chenyewe juu ya barafu ya upande wa kaskazini. Wastani wa halijoto kilioupima ni digrii 7 hivi chini ya sifuri. Naomba msomaji aikumbuke tarakimu hiyo, maana tutairejea.

Mlima wenyewe ni volkeno tatu zilizoungana: Shira upande wa magharibi, iliyochakaa na kubaki uwanda mpana, Mawenzi upande wa mashariki, wenye urefu wa mita 5,149 na miamba iliyochongoka, na Kibo katikati, ambao kilele chake cha Uhuru hufika mita 5,895. Ni Kibo peke yake ulio na barafu ya kudumu. Anayepanda kutoka Marangu au Machame hupita kwanza katika vihamba vya migomba na kahawa, kisha katika msitu mnene wenye miti ya mkulo, ambayo Wachaga huiita mseri, kisha katika ukanda wa mierika iliyofunikwa na ndevu za kuvumwani, na hatimaye katika nchi ya wazi ambamo hakuna mti wa kawaida.

Katika nchi hiyo ya wazi majira hayagawanyiki kwa miezi kama katika Ulaya. Kila mchana huwa na jua kali la kiangazi na kila usiku huwa na baridi ya kugandisha maji. Mimea iliyoko huko imejifunza kuishi hivyo. Dendrosenecio kilimanjari, mmea mrefu kuliko mtu wenye kichwa cha majani mfano wa kabichi, haudondoshi majani yake yaliyokufa, bali huyaacha yakauzunguka mgongo wake kama koti. Jirani yake, Lobelia deckenii, hukunja majani yake usiku ili kulilinda chipukizi lililo katikati, na huweka maji kati ya majani hayo; maji hayo huganda juu tu, na yaliyo chini yake hubaki maji. Kuanzia mita 4,500 hivi hata hii hutoweka, na mpandaji hutembea juu ya mchanga mweusi wa volkeno na mawe. Mvua na theluji inayoanguka juu kabisa ni kidogo. Mahali hapo ni jangwa, na ni jangwa hilo lililoshikilia barafu.

Ukuta wa barafu

Mto wa barafu, kwa maelezo ya kitabuni, ni theluji iliyorundikana kwa miaka mingi, ikashindiliwa na uzito wake hadi ikawa barafu ngumu, kisha ikaanza kuteremka polepole. Jina hilo linaifaa barafu iliyoko kwenye miteremko ya kusini ya Kibo, ile iliyopewa majina ya Wazungu wa zamani: Rebmann, Decken, Kersten, Heim. Lakini barafu iliyo juu ya uwanda wa kilele haiteremki popote, kwa kuwa imelala mahali karibu tambarare. Ni afadhali kuiita bamba la barafu. Kingo za bamba hilo ni kitu ambacho sikupata kukiona katika Alps nilipokuwa masomoni ng'ambo: kuta zilizosimama wima, mahali pengine zenye urefu wa mita 20, mahali pengine zaidi ya 30, zikianzia ghafla juu ya mchanga mkavu. Mtu anaweza kusimama mchangani na kuweka kiganja chake juu ya barafu iliyoanza kujengeka kabla ya babu wa babu yake kuzaliwa.

Hapo ndipo lilipo fumbo la Kibo. Hewa yenye digrii 7 chini ya sifuri haiwezi kuyeyusha barafu, hata ikivuma mwaka mzima. Hata hivyo barafu inapungua. Ni kitu gani kinachoila?

Kiilacho barafu hiyo kwanza ni jua lenyewe. Hapana budi kutofautisha joto la hewa na nishati iletwayo na miale. Bati la paa huko Makete au Lushoto, katika asubuhi ya Julai ambapo watu wamejifunika mablanketi, huweza kupata joto mara tu jua linapolipiga, ingawa hewa inayolizunguka bado ni baridi. Juu ya Kibo hewa ni nyepesi na kavu, mawingu mengi hukaa chini ya mpandaji, na jua la Ikweta hupiga kwa nguvu isiyopunguzwa sana na angahewa. Theluji mpya huakisi sehemu 8 au 9 katika kila 10 za mwanga huo na kuurudisha angani, hivyo hujilinda. Barafu ya zamani iliyo na vumbi la volkeno huakisi chini ya nusu. Kwa hiyo bamba la barafu lililofunikwa na theluji mpya ni kama mtu aliyevaa kanzu nyeupe, na lililovuliwa theluji yake ni kama mtu huyo huyo aliyevaa joho jeusi saa sita mchana.

Pili, barafu huweza kugeuka mvuke moja kwa moja pasipo kupitia hali ya maji, hasa pale hewa inapokuwa kavu. Akina mama wenye majokofu wameiona: vipande vya barafu vilivyosahauliwa ndani kwa miezi hunywea, ingawa havikuyeyuka. Lakini njia hii ni ya gharama kubwa. Kuyeyusha kilo 1 ya barafu kunahitaji kilojuli 334 za nishati, ilhali kuigeuza kilo hiyo hiyo kuwa mvuke kunahitaji kilojuli 2,830 hivi, yaani zaidi ya mara 8. Nishati inayotumika kupeleka kilo 1 angani ingetosha kuyeyusha kilo 8 na nusu. Maana yake ni kwamba ukavu wa hewa, ukiutazama peke yake, huifanya barafu ipotee kwa mwendo wa pole. Madhara makubwa ya ukame yako kwingine: huinyima barafu theluji ya kuilisha, na huivua vazi jeupe linaloikinga na jua.

Sasa tuutazame ukuta. Theluji haikai juu ya kitu kilichosimama wima. Kwa hiyo ukuta hauwezi kulishwa; unachoweza ni kupoteza tu. Kuta nyingi za Kibo zimeelekea kaskazini au kusini, na sababu yake yaweza kufuatwa na mwanafunzi yeyote aliyesoma mwendo wa jua. Kilimanjaro iko nyuzi 3 kusini. Jua hupita utosini mwake katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na kati ya Oktoba na Machi huwa upande wa kusini. Hivyo ukuta wa kaskazini hupigwa na jua kwa miezi kadhaa, kisha hupumzika kivulini, nao wa kusini hupokea zamu yake. Wakati wa zamu, uso wa ukuta hufika sifuri na kuanza kutona maji, japokuwa hewa iliyo hatua mbili mbele yake imeganda. Watafiti Georg Kaser, Thomas Mölg, Nicolas Cullen na Douglas Hardy, walioipima barafu hii kwa miaka mingi, waliona kuwa kuta hizo hurudi nyuma kwa takriban mita 1 kwa mwaka au pungufu kidogo.

Mche wa sabuni huisha kwa namna hiyo: hauishi juu tu, bali huliwa pembeni kila siku hata ukawa utepe. Bamba lenye upana wa mita 100, likipoteza mita 1 kila upande kwa mwaka, lina miaka 50. Nayo barafu iliyopungua haibaki kipande kimoja. Ile iitwayo Furtwängler, iliyo ndani ya kasoko, iligawanyika baada ya mwaka 2000. Na bamba la kaskazini, lililo kubwa kuliko yote, lilikuwa limekatika vipande viwili ilipofika mwaka 2012. Kila ufa mpya huongeza kuta, na kila ukuta ni mahali pengine pa kupotezea. Mchanga mweusi uliofunuliwa nao hupashwa joto na jua na kuyeyusha theluji inayouangukia, basi barafu haiwezi kurudi pale ilipotoka.

Hesabu ya hasara, na ubishi wa wataalamu

Ramani nzuri ya kwanza ya barafu ya Kibo ilitokana na safari ya Wajerumani Eduard Oehler na Fritz Klute ya mwaka 1912. Wakati huo barafu ilienea kilometa za mraba 12.1. Picha zilizopigwa kutoka ndegeni baadaye zilionyesha kilometa za mraba 6.7 mwaka 1953, 4.2 mwaka 1976, na 3.3 mwaka 1989. Mwaka 2011 zilibaki 1.76. Kwa muda wa miaka 99, sehemu 85 katika kila 100 zilikuwa zimekwisha.

Nawashauri walimu wawape wanafunzi tarakimu hizo wachore grafu, kisha wawaulize: je, barafu inaisha kwa kasi zaidi leo kuliko zamani? Mmoja atajibu la. Ataonyesha kwamba kati ya 1912 na 1953 zilipotea kilometa za mraba 0.13 kila mwaka, na kati ya 1989 na 2011 zilipotea 0.07 tu, yaani karibu nusu ya kiasi kile. Mwingine atajibu ndiyo. Ataonyesha kwamba kupungua kwa karibu nusu kulichukua miaka 41 hapo mwanzo, lakini kati ya 1989 na 2011 kulichukua miaka 22. Wote wawili wamehesabu sawasawa. Wametofautiana katika swali waliloliuliza, na ubishi wa wataalamu wenyewe haukuwa mbali na huo.

Upande mmoja wako wanaosema kwamba barafu ilianza kupungua mwishoni mwa karne ya 19, kabla joto la dunia halijaongezeka kwa kiasi kikubwa. Hans Meyer, aliyefika kileleni pamoja na Ludwig Purtscheller tarehe 6 Oktoba, 1889, alirudi mwaka 1898 akakuta barafu imepungua. Kwa maoni yao chanzo ni kubadilika kwa unyevu: Afrika Mashariki ilipata miaka ya mvua nyingi katika karne ya 19, na hata Ziwa Viktoria lilijaa sana katika miaka ya 1870; kisha unyevu uletwao na Bahari ya Hindi ukapungua, na barafu imekuwa ikiishi kwa akiba tangu hapo. Upande wa pili yuko Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Mwaka 2000 alitoboa barafu ya Kibo na kutoa mihimili sita. Katika sehemu ya juu ya mmoja wa mihimili hiyo alikuta vipovu vya hewa vilivyovutwa na kurefuka, alama ya kwamba maji yaliyoyeyuka yalipenya na kuganda tena. Chini zaidi hakuona alama hizo. Kwake yeye hiyo ni dalili kwamba kuyeyuka kwa miaka ya karibuni ni jambo jipya. Umri wa barafu ya chini kabisa aliukadiria kuwa miaka 11,700, na akakuta tabaka la vumbi la ukame mkali uliotokea miaka 4,000 iliyopita. Wapo wanaoupinga umri huo, na kudhani kwamba barafu ya uwandani imekwisha na kurudi zaidi ya mara moja.

Kwa maoni yangu pande hizi zinatofautiana kwa kadiri ndogo kuliko inavyosemwa magazetini. Bahari ya Hindi yenyewe imepata joto, na joto la bahari ndilo linaloamua mvua na ukame wetu. Anayesema "unyevu" na anayesema "joto la dunia" kwa kiasi fulani wanataja ncha mbili za kamba moja. Lakini mwanafunzi anayejibu katika mtihani kwamba hewa ya Kibo imekuwa na joto la kutosha kuyeyusha barafu amekosea, na mwalimu ana haki ya kumpunguzia alama.

Mwaka 2002 Thompson na wenzake walitabiri kwamba barafu ya Kilimanjaro ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na barafu ingalipo, ingawa ni mabaki. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2022 ilitaja mwaka 2050 kuwa ndio ambao barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya zitakuwa zimetoweka. Kosa la utabiri wa kwanza lilitumiwa na baadhi ya watu kudai kwamba hakuna hasara yoyote. Hilo halifuati. Aliyekadiria kwamba mgeni atafika saa nane akafika saa kumi hakukosea kuwa mgeni yuko njiani.

Maji ya mito

Tuje sasa kwa mito. Chini ya Kilimanjaro wako mamia ya maelfu ya wakulima wenye mifereji yao ya asili iitwayo mifongo, yapo mashamba ya mpunga ya Moshi Chini na ya miwa ya TPC, na liko bwawa la Nyumba ya Mungu, ambalo maji yake huteremka kwa mto Pangani na kuendesha mitambo ya umeme. Upande wa Kenya, vinamasi vya Amboseli hupata maji yaliyopita chini ya ardhi kutoka mlima huu huu. Kama haya yote yangetegemea barafu, hofu ingekuwa ya haki.

Tufanye hesabu. Tuchukue eneo la mwaka 2011, kilometa za mraba 1.76, na tuseme kwa ukarimu kwamba barafu yote hupungua unene kwa mita 1 nzima kila mwaka. Ujazo utakaopotea ni meta za ujazo milioni 1.76. Sehemu yake huenda angani kama mvuke na haifiki mtoni kamwe, lakini tuiache hiyo. Tuseme yote ni maji. Sasa tuteremke hadi msituni, upande wa kusini wa mlima, kwenye mwinuko wa mita 2,200 hivi, ambako mvua huwa nyingi kuliko mahali pengine popote mlimani na hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Kilometa 1 ya mraba ikipokea milimita 2,000 inapata meta za ujazo milioni 2. Kwa hiyo kilometa moja tu ya mraba ya msitu hupokea maji zaidi ya yale yote ambayo barafu nzima ya Kibo ingeweza kutoa kwa makadirio ya ukarimu. Na msitu wa Kilimanjaro una kilometa za mraba zipatazo 1,000.

Asiyeridhika na hesabu na aitazame ramani. Mto Lumi, unaolisha Ziwa Jipe, hutoka upande wa Mawenzi, ambako hakuna barafu. Mto Zigi, unaoupa mji wa Tanga maji, hutoka Usambara Mashariki. Mto Ruvu, ambao Dar es Salaam huunywa, hutoka Uluguru. Hakuna theluji Usambara wala Uluguru. Kilichopo ni msitu.

Msitu nao usitukuzwe kupita kiasi. Hauumbi maji, na miti hutumia maji mengi kwa ajili yake yenyewe. Kazi yake ni mbili. Kwanza, udongo wake uliojaa mizizi na majani yaliyooza hufyonza mvua kubwa ya masika na kuipeleka chini, ambako husafiri ndani ya miamba ya volkeno na kutokea kama chemchemi wakati wa kiangazi. Mvua hiyo hiyo ikianguka juu ya mteremko ulioachwa wazi hushuka kwa siku moja ikiwa na matope. Pili, ukanda wa juu wa msitu hukaa ndani ya mawingu, na matawi ya mierika pamoja na kuvu na kuvumwani zake huchuja ukungu na kuudondosha chini kama maji. Maji hayo hayapimwi na kipimamvua kilichosimama mahali pa wazi.

Ukanda huo wa juu ndio unaoteketea. Andreas Hemp, mtaalamu wa ikolojia wa Kijerumani aliyeufanyia mlima huu utafiti kwa miaka mingi, alieleza mwaka 2005 kwamba moto wa mara kwa mara umeshusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita, na kwamba maji yanayopotea kwa kukosekana miti ya kunasa ukungu ni mengi kuliko yale yanayopotea kwa kuisha barafu. Ukame huukausha ukanda huo, lakini kiberiti aghalabu hutoka mkononi mwa binadamu: warina asali, majangili, wapikaji wasiozima mafiga. Oktoba 2020 moto uliunguza eneo kubwa kwa siku kadhaa, na Oktoba 2022 ukarudi. Picha za barafu inayopungua zilizunguka dunia nzima. Sijaona wageni wengi wakipiga picha mierika iliyoungua kando ya njia.

Mwaka 1973 Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilipoanzishwa, msitu mwingi ulibaki nje ya mipaka yake, na mwaka 2005 ukaingizwa ndani. Hatua hiyo haikupata kelele nyingi, nayo kwa maji ya Pangani ina uzito kuliko chochote kinachoweza kufanywa juu ya barafu, ambayo kwa kweli hakuna wa kuiokoa.

Kwa walimu wanaokusudia kuzuru

Shule nyingi haziwezi kuwapeleka wanafunzi kileleni, wala hazina haja. Safari ya siku moja kutoka lango la Marangu hadi Mandara, kwenye mita 2,700, na mbele kidogo hadi kasoko ya Maundi, huwapitisha katika msitu wenyewe na kuwafikisha ukingoni mwake. Wachukue kipimajoto na kukisoma kila mita 300 za mwinuko, kisha walinganishe na ile digrii 6 kwa mita 1,000. Wachimbe kwa kidole udongo wa msituni, na tena udongo wa njia iliyokanyagwa, wamwagie kila mmoja kikombe cha maji na kuhesabu sekunde.

Kwa wachache watakaopanda zaidi, jambo la kujua ni hewa. Sehemu ya oksijeni katika hewa ya kileleni ni ile ile 21 katika 100 kama ya Tanga, lakini kanieneo ya hewa ni karibu nusu, hivyo kila pumzi huleta nusu ya oksijeni. Maji huchemka huko kwenye digrii 81 hivi, na ndiyo maana maharage hayaivi. Kuumwa kichwa na kichefuchefu ni kawaida. Lakini anayekohoa povu au kuhema akiwa ameketi, mapafu yake yanaingia maji. Na anayepepesuka kama mlevi au kusema maneno yasiyo na mpango, ubongo wake unavimba. Wote wawili huweza kufa usiku huo huo, na dawa yao ni kuteremshwa mara moja, hata kama ni usiku wa manane na kilele kimebakiza saa moja. Nguvu za mwili na ujana havikingi kitu. Afya nzuri huwafanya vijana wapande upesi, na upesi ndio unaodhuru.

Shule zilizo Moshi, Hai, Rombo na Siha zina nafasi ambayo hata watafiti wa ng'ambo hawana. Kibo huonekana kutoka viwanjani mwao. Achaguliwe mwanafunzi mmoja kila mwaka, asimame mahali pale pale palipowekwa jiwe, apige picha ya mlima asubuhi ya tarehe moja ya Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, kabla ya vuli, wakati ambapo theluji ya muda aghalabu imekwisha na kinachobaki cheupe ni barafu yenyewe. Picha iandikwe tarehe na saa, na ihifadhiwe maktabani. Pembeni yake ipigwe picha ya pili, ya mpaka wa juu wa msitu, kwa kipimo kile kile.